Benchi la Msusi

Mama Mizani alianguka Jumamosi mchana, saluni ikiwa imefurika. Alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Nusu nyingine ilisimama wima kama brashi ya kusugulia sakafu. Alijisogeza kidogo tu ili Msusi aufikie vizuri upande wa kushoto, na pale alipojisogeza tofali moja likatoka chini yake, la pili likalifuata, kisha mstari mzima ukaachia, naye akaenda nao chini polepole, kama gunia linaloteremshwa na mtu anayeliheshimu.

Saluni yenyewe ilikuwa bustanini, nyuma ya nyumba. Chumba cha mbele kilikuwa finyu na chenye giza, kwa hiyo Msusi alikuwa amewahamishia wateja kwenye kibanda cha nguzo nne za matofali, chenye paa la mabati na benchi refu la matofali lililounganisha nguzo mbili za nyuma. Kulikuwa na mwanga na upepo, na mteja akichoka kujitazama kwenye kioo aliweza kutazama maua.

Mama Mizani hakuumia. Ingekuwa heri angeumia kidogo, maana aliyeumia huhurumiwa. Alikaa pale chini, miguu mbele, vumbi jekundu limemjaa mgongoni. Mwanamke mmoja akaguna, wa pili akakohoa, wa tatu akashindwa kabisa, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Yule aliyekuwa ameegemea nguzo, mshonaji nguo mwenye mdomo usio na lango, akasema hata mizani ina kikomo chake.

Hapo ndipo palipouma. Mama Mizani aliuza nafaka sokoni. Jina alipewa kwa sababu mizani yake haikuwahi kumpunja mtu, na neno lake sokoni halikupingwa ovyo. Wateja wengi wa Msusi waliletwa na kichwa chake. Walikuja kununua maharage, wakaona mistari ilivyonyooka, wakauliza ni mkono wa nani.

Alisimama mwenyewe, akakataa kushikwa mkono. Akaomba kitambaa, akafunga kilemba juu ya ile nusu iliyosukwa na ile isiyosukwa.

"Kesho soko zima litasema nimevunja benchi," alimwambia Msusi. "Halitasema benchi lilikuwa bovu. Litanisema mimi."

Msusi aliomba radhi mpaka maneno yakamwishia. Mama Mizani alimsikiliza, kisha akatoa hukumu yake bila kupandisha sauti. Kilemba hicho atakivaa mpaka Jumatano. Jumatano atarudi na kukaa palepale. Benchi likicheza hata kidogo, nusu iliyobaki atakwenda kumaliziwa na yule msusi wa barabara kuu.

Yule wa barabara kuu alikuwa na mlango wa kioo na viti vinavyozunguka. Msusi hakumwogopa kwa ufundi. Alichokiogopa ni kichwa kilichoanzwa na mkono mmoja na kumaliziwa na mwingine, kikae sokoni mwezi mzima kikisema habari yake. Na nyumba ile ilikuwa inakula kwa mkono wake. Mumewe alikuwa mwokaji wa mikate, lakini kiwanda kilinunua mashine, na tangu siku hiyo aliitwa kazini pale tu mashine ilipougua.

Na jambo lililomtia uchungu zaidi ni kwamba benchi lile lilikuwa limetengenezwa wiki moja tu iliyopita, na aliyelitengeneza alikuwa mume wake.

*

Mwokaji alirudi alasiri na mikate miwili kwapani, akakuta nyumba imenuna. Mama yake mzazi, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko akichambua mchele. Msusi alikuwa amesimama. Mtu mwenye akili akimkuta mkewe amesimama bila kazi mkononi hujua limekuja.

Alipoelezwa alikataa kuamini. Alisema alilitengeneza kwa mikono yake, na kwamba matofali yaliyokuwa yanacheza kama meno ya mtoto aliyarudisha moja moja na kuyakandamiza. Alikuwa amesema hivyo kwa kila aliyepita, wiki nzima, na mara mbili alikuwa amewaonyesha majirani.

"Mota uliichanganyaje?" Msusi aliuliza.

Akaeleza. Alichukua mchanga na saruji, akatia maji kidogo kidogo, akakanda kwa mikono mpaka ikawa laini, hata angeweza kuisokota. Uso ulianza kumng'aa. Kukanda ndiyo kazi aliyoijua kuliko watu wote wa mtaa ule.

"Halafu?"

"Halafu nikaifunika."

"Ukaifunika."

"Kwa kitambaa kibichi. Ili ipumzike."

Bibi aliacha kuchambua mchele. "Ipumzike kutoka wapi?"

Mwokaji alimtazama mama yake, akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza alionekana kutilia shaka jambo hilo. Akaendelea kueleza, sasa kwa sauti ya chini. Baada ya kuifunika alikunywa chai. Alijinyoosha kidogo. Aliporudi aliikuta imekaza, akadhani imekauka, kwa hiyo akaongeza maji, akaikanda tena, ndipo akajengea.

Msusi aliketi hatimaye. Alimuuliza kama amewahi kumwona akichanganya dawa ya kupaka nywele rangi kisha akaenda kunywa chai. Dawa ile ikishachanganywa saa yake imeanza, alisema. Unaipaka hapohapo, na inayobaki unaimwaga. Ukiiacha ikafa, halafu ukaitia maji ukidhani umeifufua, mteja anatoka na nywele za rangi ya kutu. Mota nayo ni hivyohivyo. Yeye alikuwa amejengea maiti.

"Unga unapumzika," Mwokaji alisema, akijitetea.

"Unga una hamira, mwanangu," Bibi alisema. "Ulikuwa unangoja benchi liumuke?"

Msusi hakutaka kucheka. Alijizuia, akageuka ukutani, mabega yakamtikisika. Mwokaji aliona mabega yale akadhani analia, akamwendea kumbembeleza, na alipogundua kuwa anacheka alichukia kwa dakika chache, kisha akakata mkate wakala.

*

Mtaani kulikuwa na fundi mwashi mmoja tu wa karibu, na watu walimwita Fundi Kesho. Kazi yake ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kumpata siku aliyomtaka. Jumapili asubuhi Mwokaji alimkuta dukani kwa muuza vifaa vya ujenzi, amekaa juu ya mifuko ya saruji, akamweleza shida yake akitumaini wengine waliokuwa dukani hawasikii.

Walikuwa wamekwisha sikia. Habari ilifika dukani kabla yake kwa mdomo wa Bibi, imekaangwa na kutiwa chumvi. Fundi Kesho alisema kazi ya benchi ni ndogo, ataimaliza akiwa amefumba macho, kesho. Mwokaji akamkumbusha kuwa kesho yake ina miaka mingi. Fundi hakuona tusi hapo. Alimpa tindo, nyundo na mwiko wake, akamwambia avirudishe vikiwa safi, na kama ataona ugumu amwite. Kesho.

Muuza duka alimpimia mchanga, kisha akamuuliza kwa uso mkavu kama anataka saruji au hamira.

Mwokaji alilipa akaondoka na toroli lake. Njia nzima hakukosekana mtu wa kumpiga na ile methali ya ufa na ukuta. Fundi viatu alimwambia. Muuza maji alimwambia. Mtu asiyemfahamu kabisa, aliyekuwa anavuka barabara, alisimama akamwambia. Alipofika nyumbani alikuwa ameamua kwamba hatagusa tofali tena maishani mwake, na kwamba atamwomba Mama Mizani akalie kiti kama watu wengine.

Alimkuta mkewe bustanini amevaa nguo kuukuu, kichwa amekifunga, ndoo ya maji miguuni.

"Hakuja?" Msusi aliuliza.

"Kesho."

"Basi tutafanya sisi. Leta hiyo tindo."

*

Mwokaji alitaka kupachika matofali moja kwa moja yalipotoka. Msusi alimzuia. Kila tofali lilikuwa bado na gamba la mota ya zamani juu na chini, na vumbi tele.

"Hatusuki juu ya msuko wa zamani," alisema. "Fumua kwanza."

Wakafumua. Mwokaji aligonga gamba kwa tindo, Msusi akasugua kwa brashi ya waya, kisha tofali likazamishwa kwenye ndoo mpaka viputo vikaisha. Hilo nalo Msusi alilijua kwa nywele. Nywele kavu hunywa dawa yote ikaisha kabla haijafanya kazi, na tofali kavu litanyonya maji ya mota namna hiyohiyo. Mwokaji hakubisha. Aliona mwenyewe jinsi matofali yalivyokunywa, kama vibarua mchana.

Bibi alileta kiti chake akakaa kivulini kuwasimamia. Alisema hajawaona wawili hao wakifanya kazi moja tangu waoane, na kwamba angejua benchi bovu lina faida hiyo angelivunja yeye mapema.

Kwenye kona ya kushoto, palepale alipoangukia Mama Mizani, Mwokaji alipiga nyundo kidogo ili aondoe tofali la mstari wa chini. Halikuhitaji nyundo. Lilitoka kama jino lililooza. Akaingiza vidole. Mota ya chini, ile ya miaka yote, ambayo yeye hakuwahi kuigusa, ilikuwa laini kama keki iliyoloa chai. Ilinuka sabuni. Akavuta kitu, kikaja kirefu, cheusi, kimeshika mchanga. Ni nywele. Akavuta tena, zikaja nyingine.

Hakuhitaji kuelezwa. Karai la kuoshea nywele lilikaa juu ya kigoda kando ya nguzo ile. Mteja akishaoshwa Msusi alilimwaga hapohapo nyuma ya benchi, kwa kuwa ndipo palipokuwa karibu na mkono. Maji ya sabuni yalikuwa yameshuka chini siku kwa siku, yakala mota yote ya msingi. Kazi yake ya wiki iliyopita ilikuwa mbovu, kweli, lakini ilikaa juu ya kitu kilichokwisha kufa zamani. Hata angejenga Fundi Kesho mwenyewe, lingeanguka.

Mtaa mzima ulikuwa umemcheka, na sasa alikuwa ameshika jibu lao kwenye vidole viwili. Aliinua macho. Msusi alikuwa amechuchumaa upande wa pili, na naye alikuwa anatazama zile nywele.

Mwokaji alizipangusa kwenye suruali yake.

"Hapa pamelika," alisema. "Itabidi tushuke mistari miwili zaidi."

"Tushuke," alisema Msusi.

Tusimpe Mwokaji utakatifu asiokuwa nao. Alichofikiri ni kwamba jina lake lilikuwa limeshachafuka, na hakuona faida ya kuchafua la pili, hasa lile lililokuwa linalisha nyumba. Lakini Msusi, walipokwisha kushuka mistari ile, aliinuka kimya akabeba karai na kigoda chake mpaka mwisho wa bustani, kwenye maua, akachukua jembe akachimba kimfereji cha kupeleka maji uani kwa nyuma. Alichimba kwa nguvu kuliko udongo ulivyohitaji. Bibi alimtazama, akamtazama mwanawe, akafumba mdomo, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Mchana walijenga. Hapo Mwokaji alipata heshima yake kidogo. Alichanganya mota kidogo kidogo, kiasi cha matofali machache tu kwa mara moja, na mikono yake ilijua bila kupima lini imekolea. Aliibana kiganjani, akaitazama ilivyoshika, akatikisa kichwa au akaridhika. Aliipaka kwenye tofali kama siagi, pembe kwa pembe, bila kupoteza tone. Na kila alipomaliza kuchanganya aliikimbilia kana kwamba kuna mtu anakuja kuiba. Msusi alivuta uzi kati ya nguzo na nguzo akaangalia mstari kwa jicho moja, kama anavyogawa nywele. Palipopinda alisema pamepinda, na Mwokaji akagonga kwa mpini wa mwiko mpaka pakanyooka. Mwisho Msusi alichukua kitana chenye mkia, akapitisha mkia ule kwenye viungo vyote, akavisawazisha kimoja kimoja.

Wakafunika benchi lote kwa magunia yaliyoloweshwa.

"Hii sasa ndiyo ya kufunika," Msusi alisema.

"Nilijua kuna mahali pa kufunika," alisema Mwokaji.

*

Siku zilizofuata Mwokaji alilowesha magunia asubuhi na jioni, na kila mara Bibi alimuuliza kama limeumuka. Bibi mwenyewe alijipa ulinzi. Alikaa mbele ya benchi na fimbo yake, na paka wa jirani aliyezoea kulala pale alihamishwa kwa maneno makali.

Wateja walikuja wachache, wakasukiwa kwenye mkeka, katika chumba cha mbele. Wengine walipita nje wakielekea barabara kuu, na walipopita dirishani walitazama upande mwingine. Msusi aliwaona. Sokoni nako mambo hayakuwa mazuri. Mama Mizani aliuza nafaka yake na kilemba kichwani, na mchukuzi mmoja alimwomba ajipime kidogo kwenye mizani ili watu wajue benchi lilibeba nini. Alimpimia mteja wake maharage, akaongeza kiganja kama kawaida.

Habari hiyo ilimfikia Msusi Jumanne jioni. Aliisikiliza yote. Usiku huo alikula kidogo.

*

Jumatano watu walijaa bustanini kuliko Jumamosi. Walikuja wenye nywele za kusuka na wasio nazo. Mshonaji alikuwa kwenye nguzo yake. Fundi Kesho alikuwepo, na alieleza kwa kila mtu kwamba amefuata vifaa vyake. Magunia yaliondolewa. Benchi lilikuwa limenyooka, viungo vimekaa kama mistari ya daftari.

Mama Mizani aliingia, akasalimia, akapokewa. Hakukaa.

"Aliyelitengeneza akae kwanza," alisema.

Ilikuwa haki. Mwokaji alivuka mbele za watu na kukaa kwenye kona ya kushoto, mikono magotini, kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Benchi halikusema kitu. Nyuma mtu alinong'ona habari ya hamira, kicheko kikaanza, na Mwokaji akatabasamu tabasamu la mtu asiye na la kufanya.

Msusi aliweka kitana chini. Akaenda akakaa kando ya mumewe.

"Jambo moja nitalisema mbele yenu," alisema. "Benchi hili halikuvunjwa na uzito wa mtu. Wala si mota ya mume wangu peke yake. Maji ya kuoshea nywele nilikuwa nayamwaga mimi, hapa nyuma, kila siku. Yalishakula chini kote. Angekaa hata aliye mwembamba kuliko sisi wote, lingemwangusha."

Mwokaji aliinamisha kichwa kumwelekea mkewe, akamwambia kwa sauti ya chini kuwa angeyaacha tu, watu wangesahau.

"Umebeba vya kutosha," Msusi alimjibu. "Tua."

Mama Mizani alikuwa bado amesimama. Aliweka mkoba wake chini.

"Mwanangu," alisema, "hebu rudia pale pa uzito."

Msusi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, neno kwa neno. Mama Mizani alisikiliza mpaka mwisho kama mtu anayesikiliza mahubiri mazuri. Kisha akageuka taratibu kuelekea kwenye nguzo.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mama," alisema mshonaji.

"Sokoni utafika leo?"

"Nitafika, mama."

"Vizuri."

Ndipo akakaa, katikati yao wawili, kwa uzito wake wote, bila kujipunguza. Watu walishika pumzi. Bibi alikaza fimbo. Benchi lilikaa kama lilivyokuwa. Mama Mizani akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akaruka kidogo, kisha akafungua kilemba, na ile nusu isiyosukwa ikasimama wima mbele ya watu. Safari hii alicheka yeye wa kwanza.

Msusi aliinuka kushika kitana. Mwokaji naye alitaka kuinuka, akasema ana mikate ya kufuata, lakini mkono mzito ulikuwa umeshika shati lake.

"Kaa, shemeji," Mama Mizani alisema. "Mtu hajengi halafu akakimbia. Likianguka tuanguke wote."

Akakaa. Alikaa mpaka msuko wa mwisho, katikati ya wanawake, akishika vibanio na kupokezana nyuzi, akisikiliza habari za waume wa watu ambazo hakupaswa kuzisikia, na mbili tatu zilimhusu Fundi Kesho, ambaye aliona heri achukue vifaa vyake aondoke. Kabla nusu ya kazi haijaisha wanawake watatu walikuwa wameshauliza nani anafuata baada ya Mama Mizani, na mmoja wao alikuwa yule aliyeonekana Jumatatu akielekea barabara kuu. Msusi alimpa nafasi bila kumuuliza kitu.

Kazi ilipokwisha Mama Mizani alisimama mbele ya kioo, akageuza kichwa huku na huku. Mistari ilikutana katikati, na usingejua upande upi ulisukwa Jumamosi. Alilipa. Akarudi kwenye benchi, akaliinamia, akalishika kwa mikono miwili akalitikisa kama anavyotikisa gunia kabla ya kulinunua. Aliporidhika akajipangusa mikono.

"Jumamosi nakuja na dada zangu," alisema. "Wako wanne. Mimi ndiye mwembamba kwetu."

Akaaga, akatoka kilemba mkononi. Mwokaji alilitazama benchi kwa muda, kisha akaenda stoo kuangalia saruji imebaki kiasi gani.